Saluni ya Sinza kwa anayekuza nywele baada ya denge

Kukuza nywele baada ya kunyoa denge kunahitaji fundi wa aina yake, kwa sababu mteja huingia saluni akitaka apendeze na wakati huohuo akitaka nywele zake ziguswe kidogo iwezekanavyo. Nimekuwa mteja wa saluni moja ya Sinza, jijini Dar es Salaam, tangu pande za kichwa changu zilipokuwa ngozi tupu hadi sasa ambapo nywele zote zinashikika, na tathmini hii nawaandikia wanawake walio katika kipindi hicho cha katikati, ambacho wengi hukikatisha kwa kunyoa upya. Saluni yenyewe ni fremu mbili zilizounganishwa katika mtaa wa ndani, haina bango, na wateja huelekezana kwa mdomo. Fremu moja ina kinyozi, nyingine ina wasusi, na huo ndio ubora wake wa kwanza, kwa kuwa anayekuza nywele huwahitaji wote wawili kwa zamu.

Ugumu wa denge unatokana na vipimo vyake. Juu huachwa nywele za sentimita tano au sita, ilhali pembeni na kisogoni mashine hupita bila kitana, au kwa kitana namba 1 kinachoacha milimita 3 tu. Nywele za kichwani hukua kwa wastani wa karibu sentimita moja kwa mwezi, na vipimo vilivyofanywa kwenye nywele za kipilipili vimeonyesha kiasi pungufu ya hapo, kwa hiyo pande huhitaji nusu mwaka na zaidi kufikia urefu ambao nywele za juu zilikuwa nao siku ya kwanza. Tena nywele zetu hujikunja, hivyo hata zinapokua huonekana fupi kuliko zilivyo. Kati ya mwezi wa pili na wa nne, za pembeni husimama na kuupanua uso, za kisogoni huteremka shingoni, na za juu bado hazijawa ndefu kiasi cha kuzifunika.

Kinyozi wa saluni hii analielewa jambo hilo. Kabla hajawasha mashine huuliza, "Dada, unakuza au unanyoa?", swali ambalo vinyozi wengine niliowahi kukaa kwenye viti vyao hawakuniuliza, kwani kwa mazoea walisafisha pande zote na kunirudisha nilikoanzia. Ukimwambia unakuza, hukuinamisha kichwa, huchana nywele za kisogoni kuelekea chini kwa chanuo, kisha hupiga mstari mmoja shingoni kutoka nyuma ya sikio hili hadi la pili na kuondoa vinyweleo vilivyo chini yake. Pembeni hapagusi kabisa. Juu hupunguza ncha kidogo kwa mkasi ili kichwa kiwe na umbo la mviringo na nywele za pembeni zipate nafasi ya kuzifikia za juu. Huenda mtu akaona kwamba kupunguza nywele za juu ni hasara kwa anayekuza, lakini kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua inayokivusha kipindi kizima, maana umbo likikaa sawa mtu anaweza kwenda ofisini bila kilemba, na asiyejificha hana haraka ya kunyoa.

Nywele zinapoanza kushikika, kazi huhamia kwa msusi. Hapa wanasuka mabutu ya uzi, mtindo ambao mama zetu waliutumia na ambao nadhani haujapata wa kuushinda katika hatua hii. Msusi hugawa nywele kwa mkia wa kitana, huzipaka kondishena kidogo, kisha huzungusha uzi mweusi kuanzia kwenye shina kwa mkono mwepesi, akiupandisha taratibu hadi karibu na ncha. Ukifumua baada ya siku mbili, nywele zimenyooka bila draya wala pasi, na urefu uliokuwa umejificha ndani ya mikunjo unaonekana wote. Kwa pande zilizokuwa zikisimama ovyo, tofauti ni kubwa sana.

Jambo lililonifanya niwaamini ni kwamba msusi alikataa kunisuka rasta nilipozitaka mapema. Aliushika unywele wa juu ya sikio kwa vidole viwili, akanionyesha kwamba hawezi kuubana bila kuivuta ngozi, akaniambia nisubiri. Alikuwa sahihi. Kuvutwa kwa muda mrefu huharibu mashina, na nywele za mbele na za kwenye kingo ndizo hutoka kwanza, wakati mwingine zisiote tena. Saluni inayokataa pesa ya mteja ili kulinda nywele zake inastahili kusifiwa waziwazi. Msimamo huo una maana zaidi mwishoni mwa mwaka, ambapo wasichana waliomaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba humiminika wakiwa na nywele fupi za shule na hamu kubwa ya kusuka.

Hawauzi mafuta ya "kukuza" nywele, nami nawapongeza kwa hilo pia. Unywele hukulia kwenye shina ndani ya ngozi, na kinachopakwa juu kinaweza kuzuia usikauke na kukatika, jambo ambalo kwa anayekuza ni faida tosha. Wao hutumia mafuta ya nazi, ambayo yana sifa ya kupenya ndani ya unywele, nao huyapaka nywele zikiwa bado na unyevu.

Kasoro zipo. Hakuna miadi, hivyo Jumamosi mtu anaweza kukaa kwenye benchi nusu siku. Bei haijaandikwa ukutani na hupanda kuelekea sikukuu, jambo linalomtatiza mteja mgeni, ingawa kwa siku za kawaida sijaona kwamba ni ghali kuliko saluni nyingine za mtaa. Maji ya kuoshea hutoka kwenye ndoo na huwa ya baridi, na umeme ukikatika kinyozi hana mashine ya chaji.

Kwa sababu hizo, ninashauri kwenda Jumanne au Jumatano asubuhi, nywele zikiwa zimeoshwa nyumbani na kuchanwa, na kuulizia bei kabla ya kukaa. Anayefuga pande zilizonyolewa kabisa aanze kwa kinyozi na arudi kwake kila shingo inapochafuka, kisha ahamie kwa msusi pale msusi mwenyewe atakaposema kwamba nywele zinashikika.