Kopo la "bakteria wa viungo" la elfu 85: nyota mbili, na zote ni za tumbo

Wadau wenzangu wa baridi yabisi, leo naongelea yale makopo ya probayotiki, yaani vidonge vya bakteria hai, yanayouzwa kwenye status za WhatsApp kwa maelezo kwamba viungo kuuma chanzo chake ni utumbo. Jina la kopo silitaji wala la muuzaji, yako mengi mjini na maneno ni yaleyale, ila nililonunua mimi lina vidonge 60, elfu 85 hapa Dar pamoja na hela ya boda, unameza viwili kwa siku, mwezi ukiisha na kopo limeisha, kwa mwaka piga hesabu mwenyewe.

Nianze na mfuniko, maana huu umenichosha kuliko bei. Ni ule wa kuzuia watoto, unagandamiza chini huku unazungusha. Jamani, kitu cha watu wenye vidole vilivyovimba! Mimi asubuhi vidole vinakaza mpaka saa tatu hivi, kifungo cha blauzi tu ni mtihani, halafu nigandamize na kuzungusha kwa wakati mmoja? Ikabidi niwe namwita mtoto wa dada anifungulie, na yeye hakuchelewa, "Ma'mdogo, si umesema hii ni ya mikono?"

Halafu lebo. Imeandikwa bakteria bilioni 50, maandishi makubwa, kijani. Chini kabisa kwa maandishi ya kusoma kwa miwani wameandika hiyo bilioni 50 ni ya siku vilipotengenezwa, na kopo litunzwe chini ya nyuzi 25. Nyuzi 25 Dar, mwezi wa tatu! Mzigo wangu umefika saa saba mchana umening'inia kwenye usukani wa bodaboda ndani ya mfuko mweusi, sasa hao bilioni 50 wamefika wazima wangapi anajua Mungu.

Kwenye tumbo lakini sina ubishi. Nikimeza methotreksati, dawa yangu ya baridi yabisi ya mara moja kwa wiki, huwa tumbo linachafuka, gesi, choo mara hivi mara vile, na baada ya kutumia haya makopo kwa muda mambo yakatulia, nala maharage bila woga. Kipindi hichohicho nilikuwa nimepunguza soda pia kwa hiyo siwezi kula kiapo kwamba ni vidonge, ila haya, nyota zao mbili wachukue. Viungo sasa? Hakuna kitu. Kifundo cha mkono wa kulia kimeumuka vilevile kama andazi, na ESR, kile kipimo cha damu cha kuonyesha uvimbe mwilini, niliyopima kliniki haikushuka, daktari akaitazama akasema tunaendelea na dawa zetu.

Kinachoniudhi ni kwamba stori yenyewe ya utumbo na viungo siyo uongo. 2013 watafiti wa New York walipima choo cha watu walioanza kuumwa baridi yabisi karibuni, ambao walikuwa hawajaanza dawa, wakakuta bakteria anaitwa Prevotella copri kwa asilimia 75 yao, wakati kwa watu wenye afya njema ilikuwa kama asilimia 21 tu. 2022 wa Colorado nao wakaja na mwingine, wa jamii ya Subdoligranulum, wakamtia kwenye panya waliokuzwa bila bakteria wowote tumboni, panya wakavimba miguu. Na wale mnaofahamu mtu aliyeharisha sana, labda salmonela au shigela, tumbo likapona halafu wiki kadhaa mbele goti likavimba, hicho nacho madaktari wanakijua miaka mingi. Kwa hiyo utumbo una mkono wake humu, sikatai.

Ila ona muuzaji anavyoruka sasa. Kutoka "wamekutwa bakteria" mpaka "meza kopo langu upone" maswali yote ya katikati kayafunika. Kukuta Prevotella kwa wagonjwa haijathibitisha kwamba yeye ndiye kaleta ugonjwa, inawezekana kabisa ugonjwa ndio uliomtengenezea makazi. Na kuna hili la nyumbani kwetu: 2014 yalitoka majibu ya utafiti wa choo cha Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, watu wa mizizi, asali, ubuyu na nyama ya porini, wakakutwa na akina Prevotella kibao, halafu Bifidobacterium kwa watu wazima wakamtafuta wasimwone. Sasa kopo langu limemwandika huyohuyo Bifidobacterium kwamba ni "mlinzi wa kila utumbo wenye afya". Kila utumbo! Ina maana Wahadzabe wote wako taabani hawajijui? Yaani bakteria yuleyule kwa huyu hana neno kwa yule balaa, inategemea ni wa aina gani hasa, unakula nini, na kinga yako imekaaje.

Kuna jaribio moja muuzaji alipenda sana kulitaja bila kulisoma, la Iran, 2014. Pale waliwapa wanawake wenye baridi yabisi bakteria mmoja tu, Lactobacillus casei 01, kwa wiki 8, na kweli CRP, kipimo kingine cha damu cha uvimbe, ikashuka na hali ikawa nafuu kuliko waliopewa vidonge vitupu. Lakini walikuwa watu 46 tu jumla, na dozi ilianzia milioni 100, siyo bilioni 50, na casei 01 kwenye kopo langu hayumo, kuna "Lactobacillus" kumi hivi zimetajwa kijuujuu. Sasa unanitangazia matokeo ya mwenzio kwa bidhaa yako?

Lililomaliza kabisa ni voice note ya huyo muuzaji. "Dada yangu kipenzi, hizo dawa za hospitali ndizo zinaua bakteria wazuri, hebu zipumzishe kidogo mwili ujisafishe." Hapo ndugu zangu nilikasirika kweli, maana ukiacha dawa ya baridi yabisi ugonjwa haukusubiri, kiungo kikishaliwa hakirudi. Na asichokijua ni kwamba salfasalazini, ile ya vidonge vya manjano inayobadilisha rangi ya mkojo, ambayo daktari wa Sweden Nanna Svartz aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1930 akiwa anatafuta dawa ya hawahawa wagonjwa wa viungo, sehemu yake kubwa inafika utumbo mpana ikiwa nzima na ni bakteria wa humo ndio wanaoikata vipande viwili ianze kazi. Dawa ya hospitali inafanya kazi na bakteria wako, wewe unaniambia niiache niwape nafasi.

Kama tumbo ndilo linakusumbua na hela ipo, nunua, ila nunua duka la dawa lenye kiyoyozi, uangalie tarehe, na kama uko kwenye sindano za kushusha kinga mwambie daktari kwanza maana hawa ni viumbe hai unaviingiza. Kama hela ni ya mawazo, mimi saa hivi nimerudi kwenye mtindi wa kawaida usio na sukari, maharage na mboga za majani, tumbo liko vizuri tu mpaka sasa, na viungo ninawaachia methotreksati na foliki yangu, ile vitamini ninayomeza pamoja nayo.

Muuzaji nilimwuliza hao Lactobacillus wake ni aina gani hasa, akanitumia emoji za mikono ya dua na bei ya ofa ya makopo matatu.