Vidonge vya Manjano na Ahadi ya Kukata Mishipa ya Uvimbe

Chupa hii ya vidonge 60 vya unga wa manjano inauzwa shilingi 25,000 katika duka moja la dawa za asili Kariakoo, na kilichonifanya niinunue ni maneno yaliyopigwa chapa ubavuni mwake, kwamba vidonge "hukata mishipa ya damu inayolisha uvimbe". Kwa unga wenyewe sina neno. Nilipofungua kidonge kimoja juu ya sahani nyeupe, ulimwagika unga laini, wenye harufu kali ya manjano halisi na rangi iliyong'ang'ania kidoleni hata baada ya kunawa kwa sabuni.

Neno ninalo kwa ahadi hiyo, ingawa haikutungwa hewani. Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Marekani, alieleza kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua kupita ukubwa mdogo sana bila kuchipusha mishipa mipya ya damu, na tangu hapo watafiti wamekuwa wakitafuta vitu vya kuzuia uchipuaji huo. Kurkumini, ambayo ndiyo inayoyapa manjano rangi yake, imeonekana kuuzuia katika seli zinazokuzwa maabara na katika utando wa mayai ya kuku yenye kiinitete. Lakini kurkumini ni takriban asilimia 3 tu ya unga wa manjano, na lebo inasema kila kidonge kina miligramu 500 za unga, si za dondoo lililokolezwa. Kwa hesabu hiyo tunapata miligramu 15 hivi. Majaribio ya kitabibu yamewahi kuwapa watu hadi gramu 8 za kurkumini kwa siku, yaani zaidi ya vidonge 500 kama hivi, na hata hapo kiasi kilichofika kwenye damu kilikuwa kidogo mno, kwa sababu utumbo hauifyonzi vizuri na mwili huivunja upesi. Watengenezaji wengine huongeza piperini ya pilipili manga ili isaidie kufyonzwa, humu haimo.

Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu aliuliza kama anaweza kumpa mumewe aliyetoka kufanyiwa upasuaji. "Mpe tu, mama, hii ni mimea, haina madhara," muuzaji akamjibu. Jibu hilo limenikera kuliko lebo. Kidonda hakiponi bila mishipa mipya, na kondo la nyuma la mjamzito nalo huitegemea, kwa hiyo kitu ambacho kweli kingezuia uchipuaji wake kisingefaa kuuzwa kwa kila apitaye. Bevacizumab, dawa ya hospitali inayozuia uchipuaji huo na iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, husimamishwa wiki kadhaa kabla ya upasuaji na baada yake kwa sababu hiyohiyo. Tena manjano kwa wingi yanaweza kumwongezea anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, hatari ya kutokwa damu.

Naipa nyota mbili kati ya tano, zote kwa usafi wa unga. Ya tatu ningeitoa kama lebo ingetaja kiasi cha kurkumini na kuwaonya wajawazito, wanaosubiri upasuaji na wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande.