Mirija ya kukinga miche ya mialoni: inafaa wapi, inakwama wapi

Msitu mwingi uliopandwa upya Uingereza una mirija hii: ya plastiki, ya kijani hafifu au rangi ya maziwa, imesimama safu kwa safu, kila mmoja na kigingi chake. Kwa mbali ungedhani ni makaburi. Ndani yake mna miche, na mara nyingi ni ya mwaloni. Graham Tuley wa Tume ya Misitu ya Uingereza ndiye aliyeanza kuijaribu mwaka 1979, na mialoni ilikuwa miongoni mwa miche ya kwanza kuvishwa.

Kwa anayetaka mti wa kivuli uani, hiki ni kifaa cha hiari. Kwa wanaohifadhi mialoni adimu mambo ni tofauti. Kokwa ya mwaloni haihifadhiki kwenye benki ya mbegu kama mahindi au maharage: ikikauka imekufa, na ubaridi wa nyuzi 20 chini ya sifuri haiuwezi. Akiba ya mwaloni ni mti wenyewe, uliosimama ardhini. Na akiba hiyo inahitajika: tathmini iliyotolewa mwaka 2020 na Morton Arboretum, bustani ya miti ya Marekani, pamoja na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, ilihesabu spishi za mwaloni zipatazo 430 duniani, na 113 kati yake ziko hatarini kutoweka. Mfano ni Quercus brandegeei wa kusini mwa Baja California, Mexico. Miti mizee bado imesimama kando ya makorongo, lakini chini yake huoni miche, na mifugo inayozurura ni sehemu ya sababu. Mahali kama hapo, mbuzi akila mche mmoja amekula sehemu ya hazina.

Mrija wa kawaida umetengenezwa kwa polipropilini yenye dawa ya kuchelewesha uharibifu wa jua. Upana wake ni kati ya sentimita 8 na 12, na huuzwa ikiwa imechomekwa mmoja ndani ya mwingine, ndiyo maana katika furushi moja hailingani upana. Urefu ndio unaoamua kama umenunua kitu au umetupa hela. Sungura huzuiwa na sentimita 60, lakini sungura wa porini wenye miguu mirefu wanadai 75. Kulungu wadogo aina ya roe na muntjac, mita 1.2. Kondoo, mita 1.5. Kulungu wakubwa, mita 1.8. Ng'ombe usijisumbue nao: watajikuna kwenye kigingi hadi king'oke. Hapo jenga uzio.

Ufungaji una makosa machache yanayorudiwa kila msimu. La kwanza ni kigingi kirefu kuliko mrija. Siku mche unapochungulia nje, upepo unausugua kwenye ncha ya kigingi, gome linachubuka, kilele kinakatika. Kigingi kiishie chini ya mdomo wa mrija, kipigiliwe upande upepo unakotokea, na kwa mrija wa mita 1.2 kisiwe chembamba kuliko milimita 25 kwa 25. La pili ni kuuacha mrija ukining'inia juu ya ardhi. Uwazi wa vidole viwili unatosha kugeuza mrija kuwa bomba la moshi: hewa kavu inapanda, majani yananyauka, na panya wa shambani wanapata mlango. Ukandamize uzame sentimita 2 hadi 5.

Kama unasia kokwa moja kwa moja badala ya kupanda mche, ziloweke kwanza usiku mzima na utupe zinazoelea. Ilaze kokwa ubavu, kina cha sentimita 3 hadi 5, kisha uvishe mrija juu yake ukiwa umezama vizuri, maana kindi anajua kuchimba. Mzizi mkuu hutangulia kushuka kabla jani halijaonekana, kwa hiyo usiufukue kutazama kama imeota.

Sasa kasoro. Asubuhi ya baridi utaona matone yamening'inia kwenye ukuta wa ndani na majani yamebanwa juu ya plastiki. Huo unyevu na joto ndivyo vinavyourefusha mche haraka, na watu hufurahi. Lakini shina lisilotikiswa na upepo halinenepi. Mche uliotoa kichwa nje mwaka wa tatu unaonekana mti kamili. Ukiuvua siku hiyo unalala chini kama tambi. Uache mrija angalau miaka mitano, na mwaloni, kwa uvivu wake, mara nyingi huhitaji zaidi.

Kuchelewa nako kuna gharama. Mrija una mstari wa vitobo vidogo ili upasuke shina linaponenepa, na plastiki yenyewe inategemea jua kuidhoofisha. Matawi yakishafunga kivuli, jua halifiki, mrija haupasuki, na gome linaanza kuumeza. Hata ukipasuka, vipande haviozi. Vinasagika kuwa chembe zinazobaki udongoni. Kwa sababu hii Woodland Trust, shirika kubwa la misitu Uingereza, lilitangaza kuachana na mirija ya plastiki kufikia mwisho wa 2021.

Mbadala upo, lakini usiupokee kwa macho yaliyofumbwa. Ya karatasi ngumu hulegea na kuanguka mvua zikizidi, pengine kabla mwaloni haujafika kiunoni. Ile inayoitwa plastiki ya mimea, hasa ya asidi polilaktiki, inahitaji joto la kiwanda cha mboji ili ioze; shambani inakaa tu. Ya sufu inatia moyo, ila kagua inavyoshikizwa kwenye kigingi.

Nchi za joto na ukame zitake mirija yenye matundu ya hewa. Mrija uliofungwa pande zote kwenye jua la Mediterania ni tanuri. Mwaloni unaostahimili kivuli, kama Quercus ilex, huvumilia mwanga hafifu wa ndani kuliko msonobari unaopenda jua. Wafugaji wa kwetu wanaozungushia mche matawi ya miiba hawana shida hii: mwanga unaingia, upepo unatikisa shina, na boma likioza halina madhara. Kasoro yake ni panya, ambao miiba haiwahusu.

Jambo moja mrija haufanyi ni palizi. Majani ya nyasi hunyang'anya mche maji, na hujipenyeza hata ndani. Safisha duara la mita 1 kila mwaka, weka matandazo, nyanyua mrija ung'oe yaliyomo, urudishe.

Alama zetu: 4 kati ya 5 kwa mialoni adimu yenye mtunzaji anayejulikana, 2 kati ya 5 kwa upandaji wa maelfu ambako hakuna atakayerudi. Huko kwenye maelfu, kupanda mingi bila mirija na kukubali kupoteza sehemu yake ni hesabu nzuri zaidi.

Dukani, kabla hujalipa, pitisha kidole kwenye mdomo wa mrija: uwe umekunjwa nje, laini. Ukiwa mkali utakata shina. Tafuta ule mstari wa vitobo. Kisha vuta kishikizo cha plastiki chenye meno, kile kinachofunga mrija kwenye kigingi, uone kama kinafunguka na kufungika tena, kwa sababu usipoweza kukifungua, ile palizi ya ndani hutaifanya.