Nimelipia besiboli, nikaoneshwa kioo cheusi

Kama unaishi Iowa na unataka kulipia kifurushi cha kuangalia besiboli kwa intaneti, subiri kwanza unisikilize. Mimi niko Des Moines. Nililipia mwanzoni mwa msimu, baridi ikiwa haijaisha vizuri, tena nikalipia msimu mzima kwa mkupuo kwa sababu tangazo lilisema timu zote zipo. Jioni nimekaa na chai yangu, nafungua mechi ya Cubs, timu ya Chicago. Kioo cheusi. Katikati kuna mstari mmoja wa maandishi: mechi hii haipatikani katika eneo lako. Nikajaribu White Sox, cheusi. Cardinals, cheusi. Brewers, Royals, Twins, hivyo hivyo.

Timu sita! Iowa haina hata timu moja ya ligi kuu, lakini timu sita za majimbo jirani zinadai hapa ni kwao. Timu huuza haki za matangazo ya eneo lake kwa chaneli ya eneo hilo, na mechi zake zinafungwa kwenye intaneti ili watu wabaki na chaneli. Sawa, biashara ni biashara. Ila kampuni ya kebo ninayotumia haina chaneli hiyo. Kwa hiyo Cubs, walio mwendo wa kama saa tano kwa gari kutoka hapa, siwaoni popote, lakini timu ya San Diego, huko mbali California, naiona vizuri kabisa, tena usiku wa manane wakati mwenye kazi ya asubuhi ameshalala.

Hilo tungelimaliza kwa kurudishiana hela. Kilichoniwasha ni mhudumu wa wateja. Nimesubiri kwenye simu, muziki unapiga, unakatika, unaanza upya. Akapokea. Nikamsalimia, nikamweleza taratibu. Hata jina hakuniuliza. "Timu zote zipo, ni wewe tu uko mahali pabaya." Nikanyamaza kidogo nikidhani anatania. Nikamuuliza, sasa nifanyeje? "Angalia timu nyingine."

Timu nyingine! Hebu mwambie mtu wa Simba aangalie Yanga kwa kuwa ndiyo iliyopo hewani, uone. Na sauti yenyewe ilikuwa ya mtu anayekula kitu.

Jamani, Michael Jordan, yule wa kikapu wa Chicago Bulls, nilimwona nikiwa Mwanza, kwenye banda la video, kanda imenakiliwa hadi rangi zimekufa, mabenchi yamejaa na waliokosa nafasi wanachungulia dirishani. Mtu wa Chicago alinifikia hadi kando ya Ziwa Victoria miaka ya 90. Leo niko jirani na Chicago, hela nimetoa, timu ya Chicago nafungiwa. Nasikia wakubwa wa besiboli wana wasiwasi kwamba vijana hawaipendi. Tangu 2023 wameweka saa ya kumhesabia mrushaji muda wa kurusha mpira, sekunde 15 kama hakuna mkimbiaji kwenye besi, na kweli mechi zimekuwa fupi, nawapongeza. Mimi huo ufupi unanisaidia nini?

Haki yao niwape, maana sitaki kusema uongo kwa hasira. Ndani ya akaunti ileile kuna mechi za zamani za kikapu, na hizo hazifungwi. Jumamosi moja nilimwita jirani yangu, mzee wa Uvira, Kongo, ambaye hapa mtaani wote tunamwita Papa, tukaangalia Denver Nuggets na Seattle, 1994. Ni mchujo wa ligi ya kikapu ya NBA, Denver wameingia wa nane, Seattle wa kwanza, anayetangulia kushinda mechi tatu anapita. Denver wako nyuma kwa mechi 2-0, wanageuza, wanashinda 3-2, jambo ambalo timu ya nafasi ya nane haikuwahi kulifanya kabla ya hapo. Mwishoni Dikembe Mutombo, Mkongo wa Denver, yuko chini sakafuni, kalala chali, mpira kaukumbatia juu ya kichwa, anacheka. Papa alisimama. "Huyu njo mukubwa wa bote!" Tukaanza kubishana mpaka chai ikapoa.

Kwangu wa kwanza ni Jordan, na wala si kwa sababu ya mataji sita. Kwa mataji Bill Russell anayo 11. Kwa pointi za jumla LeBron James alishampita Kareem Abdul-Jabbar mwaka 2023. Ila Jordan alifika fainali mara sita, akashinda zote sita, na zote sita mchezaji bora wa fainali akawa yeye. Papa akanichoma hapo hapo: na besiboli je? Kweli, 1994 aliacha kikapu akaenda Birmingham Barons, timu ya besiboli ya daraja la chini, wastani wa kupiga wa .202, yaani katika mara kumi za kupiga anafanikiwa mbili tu, na mara 114 akatolewa kwa kuukosa mpira. Mimi hiyo naihesabu kwenye ukubwa wake. Mtu yuko kileleni, anakubali kuchekwa na watoto wa daraja la chini. Wachezaji wa ligi kuu ya besiboli walipogoma, hakutaka kutumiwa kuziba nafasi zao, akarudi Bulls Machi 1995.

Wa pili nikamweka Hakeem Olajuwon wa Nigeria, na hapo hakuna wa kunibadilisha. Bloku, yaani kuzuia mpira wa mpinzani unaoelekea kikapuni, anazo 3,830, hakuna aliyemfikia, na anayemfuata ni huyohuyo Mutombo, 3,289. Lagos na Kinshasa juu ya orodha. Kosa nililofanyiwa kelele ni kukumbusha kwamba bloku zilianza kuhesabiwa rasmi msimu wa 1973-74, kwa hiyo za wakongwe Russell na Wilt Chamberlain, waliocheza kabla ya hapo, hazimo. Papa akavaa koti lake. Siku mbili hakunisalimia.

Kwa raha ile nilikuwa nimeshaandika nyota tatu, hata nne nilizifikiria, na yule mhudumu nikasema labda siku yake ilikuwa mbaya. Leo wamenitumia ujumbe wa kunishukuru kwa kuwa mteja mwaminifu na kunikumbusha nisikose mechi kubwa ya usiku: Cubs na Cardinals. Zote mbili zimefungwa hapa. Nyota moja, na hiyo ni ya Mutombo.