Ultrasaundi ya kupima ugumu wa tezi dume: nzuri, ila inataka mkono mwepesi
Elastografia ya mawimbi, yaani kupima ugumu wa nyama kwa mawimbi, kwenye mashine ya ultrasaundi ya Aixplorer inang'ara zaidi kwenye ukanda wa nje wa tezi dume, ambako saratani nyingi huanzia. Probu, kile kifaa cha kutoa mawimbi, hupitishwa njia ya haja kubwa. Weka kipimo cha rangi zinazoonyesha ugumu hadi kPa (kilopaskali, kizio cha ugumu) 70 au 90, kisha shikilia bila kusogea sekunde chache mpaka rangi zitulie. Panapozidi takriban kPa 35 panatiliwa shaka na kulengwa sindano ya biopsi, ya kuchukua kipande cha nyama kikapimwe. Ukikandamiza probu, hata nyama yenye afya itasomeka ngumu, na hili ndilo kosa la kila siku. Ukanda wa ndani ni udhaifu wake: tezi ikitanuka kwa umri, vinundu na chembe za chokaa hudanganya, na mawimbi hayafiki vizuri sehemu ya mbele ya tezi.