Mbegu za Fast Plants: je, zinafaa kuonyesha jinsi viwavi wanavyobadili maua?

Mbegu za Fast Plants ni za Brassica rapa, mmea wa jamii ya kabichi na haradali. Paul Williams wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison alizichagua kizazi baada ya kizazi mpaka akapata mmea unaomaliza maisha yake yote kwa siku 40 hivi. Lengo lake la kwanza lilikuwa kuharakisha utafiti wa magonjwa ya mimea ya jamii hiyo, kisha zikaingia madarasani. Tathmini hii ni ya kazi moja tu: kuonyesha kwamba mla majani anaweza kubadili ua ambalo hata hajaligusa.

Kwa kazi hiyo hatujui mbegu nyingine ya kuuzwa inayozikaribia. Mwaka 2019 Sergio Ramos na Florian Schiestl wa Chuo Kikuu cha Zürich walichapisha katika jarida la Science jaribio la vizazi 6 walilofanya kwa Brassica rapa ya mzunguko mfupi. Baadhi ya mimea ilichavushwa na nyuki wakubwa wenye manyoya (Bombus), mingine kwa mkono. Baadhi ililiwa na viwavi, mingine haikuliwa. Iliyochavushwa na nyuki bila viwavi ilizidi kuwa na maua ya kuvutia. Viwavi walipoongezwa, mwendo huo ulidumaa, na mimea ikazidi kuweza kujichavusha yenyewe. Hata umbali kati ya stigma (sehemu ya kike inayopokea chavua) na chavulio (kifuko cha chavua) ulipungua. Jani linaliwa huku chini, ua linabadilika huko juu, na mbegu zinazoonyesha jambo hilo zinaota kwenye chungu cha ukubwa wa kikombe. Hilo peke yake linatosha kuzipenda.

Ukuzaji wenyewe si mgumu ukiheshimu mwanga. Panda mbegu 2 kila shimo, kisha bakiza mche mmoja. Taa ziwake saa 24, sentimita 5 hadi 10 juu ya ncha za mimea, na joto liwe nyuzi 22 hadi 24. Miche inachomoza siku ya 2 au 3, na maua ya kwanza hufunguka karibu na siku ya 14. Taa ikiwa mbali, shina linarefuka na kulegea, linaanguka kabla ya kuchanua, na wengi hudhani mbegu ni mbovu. Nitrojeni ikizidi unapata majani mengi, laini, yanayowapendeza viwavi kuliko kawaida, na hapo matokeo yameshaharibika.

Sasa tuje kwenye ua, maana hapa ndipo kazi ilipo. Shika ua moja chini ya lenzi ya mkononi. Utaona sepali 4 (vijani vya nje), petali 4 za njano zilizopangwa kama msalaba, stameni 6 (viungo vya kiume): 4 ndefu na 2 fupi. Chini kabisa, penye shina la stameni fupi, kuna kitone kinachong'aa: nekta, maji matamu ya ua. Mdudu anayeifuata lazima apenye kati ya vyavulio, na chavua inamganda kichwani na kifuani. Ua hili kwa kawaida hukataa chavua ya mmea wake wenyewe, kwa hiyo mmea uliokosa mgeni hukosa mbegu. Ndiyo sababu kila milimita ya petali ina thamani, na ndiyo sababu ya kujali rasilimali ambazo jani lililoliwa limeshindwa kuzipeleka juu.

Maelekezo ya kawaida ya darasani husema uchavushe kwa kifua cha nyuki mkavu kilichobandikwa kwenye kijiti, au kwa brashi laini. Kwa kupata mbegu, njia hiyo ni nzuri sana. Kwa mageuko ya maua (mabadiliko yanayorithiwa kizazi baada ya kizazi), inaua jaribio. Brashi haichagui: inagusa ua dogo na kubwa sawasawa, kwa hiyo hakuna mmea unaolipwa kwa kuvutia. Kama huna nyuki hai kwenye kizimba cha wavu, jiwekee kanuni ya uchaguzi kabla ya kupanda, kwa mfano kuchavusha tu theluthi ya mimea yenye petali pana zaidi katika kila kundi, na uifuate kizazi baada ya kizazi. Waambie wasomaji wa matokeo yako kwamba mchaguzi alikuwa wewe. Na kundi la brashi, linalochavushwa bila kuchagua, lisitupwe. Ndilo kipimo cha kulinganishia.

Kwa viwavi, vipepeo weupe wa kabichi (Pieris) wanafaa, ila uliza kwanza kama kibali cha kusafirisha wadudu hai kinahitajika. Kosa kubwa ni wakati. Ukiwaweka mapema wanakata ncha ya kukua na mmea unakufa. Hapo umepima kifo, si ua. Subiri majani mawili ya kweli (si yale mawili ya kwanza ya mbegu) yakunjuke kabisa, weka kiwavi mdogo mmoja kila mmea, na umwondoe karibu robo ya eneo la majani ikishaliwa. Usimwache mpaka machipukizi ya maua yatokee. Pieris brassicae anajulikana kupanda kutoka majani hadi maua ya haradali nyeusi na kukua upesi zaidi huko. Akifika, hujui tena kama ua limepungua kwa sababu ya jani au kwa sababu ameling'ata.

Kosa la pili ni la siri zaidi. Mama aliyeliwa anaweza kuwarithisha watoto ulinzi bila jeni kubadilika. Anurag Agrawal na wenzake walilionyesha hilo kwa figili mwitu mwaka 1999. Kwa hiyo kabla ya kupima mwishoni, pandisha kizazi kimoja bila viwavi, makundi yote katika hali ileile. Vizazi 6 vya uteuzi na kimoja cha kusafisha, kila kimoja siku 40, ni siku 280. Anayetaka jibu ndani ya mwezi mmoja asidanganywe: kizazi kimoja kitamwonyesha madhara ya kuliwa, yaani maua machache au madogo. Ni somo zuri, ila si mageuko.

Pima ua la 3 hadi la 5 kwenye shina kuu, siku ileile ya kufunguka, kwa sababu maua ya juu huwa madogo hata bila kiwavi. Chukua upana wa petali, idadi ya maua yaliyofunguka, na umbali kutoka stigma hadi chavulio refu. Harufu iache, bila vifaa vya maabara pua itakudanganya. Ukitaka kitu cha ziada cha bei rahisi, hesabu vinyweleo kwenye kikonyo cha jani la kwanza la kweli: vinatofautiana sana kati ya mmea na mmea, na vinarithiwa.

Makundi 4 (ya kuchaguliwa au ya brashi, yenye viwavi au bila) ya mimea 32 yanahitaji mbegu 256 kwa upandaji wa mbili mbili, nunua 300. Chini ya mimea 20 kwa kundi, bahati tupu inaweza kubadili maua kuliko kiwavi. Siku 20 hivi baada ya uchavushaji acha kumwagilia, kausha vitumba (maganda yenye mbegu) siku 5, kisha hifadhi mbegu ndani ya bahasha ya karatasi kwenye friji pamoja na pakiti ya kufyonza unyevu. Andika namba ya kizazi na ya kundi juu ya bahasha kabla hujapura kitumba hata kimoja.