Jiko banifu la mkaa katika kipupwe cha Dodoma: tathmini baada ya miezi miwili

Nilinunua jiko hili mwanzoni mwa Juni katika duka moja la vyombo hapa Dodoma, kwa shilingi 28,000, baada ya muuzaji kunihakikishia mambo mawili: kwamba linatumia nusu ya mkaa unaoliwa na jiko la bati la kawaida, na kwamba usiku wa baridi ningeweza kuliingiza chumbani likatupasha joto hadi alfajiri. Kwa kuwa tunaishi Nkuhungu, ambako upepo wa Julai hupenya hata mlango uliofungwa, ahadi ya pili ndiyo iliyonivuta.

Kuhusu mapishi sina lawama kubwa. Ndoo ya mkaa iliyokuwa ikiisha siku ya 4 sasa inafika siku ya 6, na maharage yanaiva bila kuongezewa mkaa. Hiyo si nusu, lakini ni akiba inayoonekana mfukoni.

Ahadi ya pili ni ya hatari, na muuzaji hakupaswa kuitoa. Mkaa ulioshika vizuri hauonyeshi moshi, ila hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu, kiasi kwamba aliyelala anaweza asiamke tena. Udongo wa ndani ya jiko hili hutunza joto, na mkaa huendelea kuungua polepole kwa saa nyingi. Sifa inayolipendezesha jikoni ndiyo inayolifanya liwe tishio chumbani. Nililiingiza usiku mmoja tu, nikaamka kichwa kikinigonga, nikalitoa kibarazani na halijarudi ndani.

Kasoro iliyonishughulisha zaidi ni ya wakati wa kuwasha. Mdomo wa chini ni mwembamba, hewa haiingii ya kutosha, kwa hiyo mtu hujikuta akitumia vijiti vibichi au, kama wafanyavyo wengi mtaani, kipande cha mfuko wa plastiki, na kupepea kwa dakika 20 huku moshi ukitanda. Nyumba moja ikifanya hivyo haidhuru sana. Mtaa mzima ukiwasha saa 12 asubuhi ya kipupwe, moshi hauna pa kwenda, kwa sababu usiku usio na mawingu ardhi hupoa haraka, hewa iliyo karibu nayo huwa baridi na nzito, na hewa yenye joto kidogo hukaa juu yake kama kifuniko cha chungu. Kifuniko hicho huinuka jua linapopanda, lakini chembe laini za moshi haziishi hapo: hubaki angani kwa siku kadhaa, na upepo wa mashariki huzisukuma kuelekea Bahi na Manyoni, wakati ambapo hakuna mvua ya kuziosha.

Sisi huku tunaota moto kidogo tu, kwani usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi. Mahali penye baridi kali zaidi jambo hilohilo huwa zito: Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe, mwingi wake ukitoka kwenye majiko ya nyumbani, uliifunika London kwa siku 5 na kuua maelfu ya watu, na mwaka 2019 jiji la Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, lilipiga marufuku kuchoma makaa ya mawe ghafi. Mfano ulionisaidia, hata hivyo, ni wa nyanda za juu za Afrika Kusini, ambako familia zinazopasha nyumba kwa makaa ya mawe zilifundishwa kupanga makaa chini na kuwasha vijiti vikavu kwa juu, mbinu inayoitwa Basa njengo Magogo, ili moshi upite kwenye mwali na kuungua kabla haujatoka.

Nimeijaribu kwa mkaa wetu. Jiko linachelewa kushika kwa dakika chache, lakini moshi umepungua sana na jirani ameacha kufunga dirisha. Maelezo haya yangetosha kuandikwa kwenye karatasi moja ya kuambatana na jiko, badala ya ile ahadi ya chumbani.

Udongo wa ndani ulipasuka wiki ya 5. Duka lilinibadilishia bila ubishi.